Baa za tiki zinaweza kurudi? Dhana potofu na ukweli

Kwa takriban miaka arobaini, kuanzia katikati ya miaka ya 1930, Marekani ilikuwa na aina ya baa na migahawa isiyofanana na nyingine yoyote. Unaingia chini ya paa la makuti, unavuka kidaraja juu ya kijito cha kutengenezwa, na macho yanachukua muda kulizoea giza kwa sababu hakuna dirisha hata moja. Kuta zimefunikwa mianzi na mikeka. Taa zimefichwa ndani ya samaki bunju waliokaushwa na maboya ya kioo ya wavuvi, na pembeni yamesimama masanamu ya mbao yenye midomo mipana. Kinywaji kinaletwa ndani ya kikombe chenye sura ya mtu, kikifuka harufu ya mdalasini na ndimu. Hizo ndizo baa za tiki. Katika miaka ya 1970 na 1980 nyingi zilifungwa au kubomolewa, na kizazi kizima kikakua kikizijua tu kwa kile kimwavuli cha karatasi kinachochomekwa kwenye glasi.

Swali la kama zinaweza kurudi huulizwa kila mara, na majibu mengi yamejengwa juu ya mambo yasiyo ya kweli. Naipenda sana historia hii, na inaniuma kuona inahukumiwa kwa hadithi za mitaani. Imani yangu ni kwamba sehemu moja ya utamaduni huu imeshafufuka, sehemu nyingine haitarudi kwa ukubwa wake wa zamani, na ipo sehemu ambayo haistahili kurudi. Ili kuzitenganisha hizo tatu, kwanza lazima uongo uondolewe njiani.

Dhana: Tiki ni utamaduni wa Polinesia uliohamia Marekani

Tiki ilizaliwa Hollywood. Mwanzilishi wake ni Ernest Raymond Beaumont Gantt, kijana aliyezunguka visiwa vya Karibi na Pasifiki kabla ya kutua Los Angeles na mizigo yake ya vitu vya baharini, ambavyo watengeneza filamu walikuja kuviazima. Marufuku ya pombe ilipoondolewa Marekani Desemba 1933, hakukawia kufungua kibaa kidogo jirani na barabara ya Hollywood Boulevard, akakiita Don's Beachcomber. Kilipopata umaarufu, akabadilisha hata jina lake mwenyewe na kuwa Donn Beach.

Angalia kilichokuwa ndani ya glasi. Ilikuwa ramu, na ramu ni ya Karibi: Jamaica, Puerto Rico, Guyana. Watu wa Polinesia, yaani visiwa vya Pasifiki kama Hawaii na Tahiti, hawakuwa na jadi ya pombe kali. Kinywaji chao cha heshima ni kava, kinachotokana na mizizi ya mmea na kisicho na pombe ndani yake. Ramu ilichaguliwa kwa sababu za mfukoni. Baada ya miaka 13 ya marufuku, akiba ya wiski iliyokomaa ilikuwa imepungua sana Marekani, ilhali ramu nzuri ilikuwa imejaa visiwani kwa bei ya chini. Na ule mchanganyiko wa ramu, ndimu na sukari, ambao ndio uti wa mgongo wa vinywaji vya tiki, ni wa wakulima wa miwa wa Karibi tangu zamani.

Chakula je? Kilikuwa cha Kichina, hasa upishi wa Guangdong, kilichorekebishwa kwa ulimi wa Mmarekani. Jikoni walisimama wapishi wa Kichina. Sinia la vitafunio lililowekwa jiko dogo la moto katikati, mbavu zilizopakwa mchuzi mtamu, vipande vya ini la kuku vilivyoviringwa kwa nyama ya nguruwe ya kukaushwa, visambusa vya kaa vilivyojazwa jibini laini: hakuna mvuvi wa Tahiti ambaye angevitambua kuwa vya kwao.

Mapambo nayo yalitoka mikononi mwa watu wa sinema. Tonga Room, iliyoko ndani ya hoteli ya Fairmont huko San Francisco, ilifunguliwa mwaka 1945 mahali palipokuwa bwawa la kuogelea la hoteli. Aliyeibuni ni Mel Melvin, mpambaji wa majukwaa ya filamu wa kampuni ya MGM. Bwawa halikufukiwa: likageuzwa ziwa, wanamuziki wakapigia juu ya jahazi linaloelea, na kila baada ya muda mvua ya bandia hunyesha kukiwa na ngurumo. Huo ni mchezo wa kuigiza, na naamini ndiyo habari njema kwa anayetaka urudi. Utamaduni wa watu ukitoweka hauwezi kuundwa upya kwa fedha na nia njema. Onyesho la jukwaani linaweza kuandaliwa tena, mradi wapo wanaojua kuliandaa.

Dhana: Wanajeshi waliorudi kutoka vitani ndio walioanzisha

Hii husemwa sana, kisha hufuatwa na hitimisho kwamba kizazi kile kikiisha, na hamu nayo imezikwa. Tarehe zinakataa. Donn Beach alianza wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, wakati wateja wake wengi hawakuwa na nauli ya kwenda popote. Mwaka 1934 Victor Bergeron alifungua mgahawa mdogo mjini Oakland, na baada ya kutembelea kwa Donn na kuona kinachofanyika huko, akaugeuza kuwa Trader Vic's mwishoni mwa muongo huohuo. Baa ya Donn, iliyokuwa sasa ikiitwa Don the Beachcomber, ilifungua tawi Chicago mwaka 1940, kabla ya shambulio la Pearl Harbor la Desemba 1941 lililoiingiza Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia.

Tawi hilo, tena, halikujengwa na Donn. Aliyeigeuza baa moja kuwa mtandao wa migahawa ni Sunny Sund, aliyekuwa mkewe na baadaye mtalaka wake. Yeye ndiye aliyekuwa na kichwa cha biashara, na Donn alipohamia Hawaii baada ya vita, mwanamke huyo ndiye aliyeendelea kuliendesha jina la Don the Beachcomber huko Marekani bara. Simulizi nyingi humtaja kwa mstari mmoja. Anastahili zaidi ya hapo.

Vita viliongeza kuni kwenye moto uliokuwa tayari unawaka. Maelfu ya vijana waliiona Pasifiki, mwaka 1947 Thor Heyerdahl akaivuka bahari hiyo kwa chelezo, na mwaka 1959 Hawaii ikawa jimbo la 50. Hapo ndipo tiki ilipotapakaa hadi kwenye hoteli, nyumba za kupanga na viwanja vya bouling. Asili yake, hata hivyo, ni hamu ya mtu aliyechoka kutoroka kwa saa mbili bila kusafiri. Sioni dalili kwamba hamu hiyo imeisha.

Dhana: Vinywaji vyake ni sukari na rangi

Hapa ndipo pana dhuluma kubwa zaidi, kwa sababu ukweli ni kinyume kabisa, na waliofanya kazi hiyo walinyimwa majina yao.

Kokteli ya kawaida ya miaka ya 1930 ilikuwa na pombe moja kali na viungo viwili vitatu. Donn Beach aliweka aina mbili au tatu za ramu katika glasi moja: nyepesi kwa wepesi, ya Jamaica kwa harufu, ya Demerara kwa uzito wa moshi. Kinywaji chake maarufu cha Zombie, cha mwaka 1934, kilichanganya ramu tatu, maji ya ndimu, balungi, mdalasini, na matone ya pombe yenye ladha ya anisi yasiyoonekana lakini yanayobadilisha kila kitu. Kilikuwa kikali kiasi kwamba mteja mmoja hakuruhusiwa zaidi ya glasi mbili. Mai Tai ya Bergeron ya mwaka 1944 ni rahisi zaidi na, kwa maoni yangu, ndiyo kilele cha sanaa hii: ramu ya Jamaica iliyokaa kwenye pipa miaka 17, ndimu mbichi, pombe ya machungwa, shira ya lozi na shira ya sukari kidogo. Haina nanasi. Nanasi liliingia Mai Tai ilipopelekwa Hawaii mwaka 1953, na wateja wengi leo wanadhani ndilo la asili.

Waliovichanganya vinywaji hivi kila usiku walikuwa, kwa sehemu kubwa sana, Wafilipino. Donn aliwaajiri tangu mwanzo, na kwa kuwa aliogopa kuibiwa siri, chupa zake zilibandikwa namba na majina ya mafumbo. Mchanganyaji alijua kwamba kinywaji kinahitaji kijiko kimoja cha kitu fulani namba nne, bila kujua ndani yake kuna nini. Pamoja na hayo vijana hao walijifunza, wakakumbuka, wakaandika kwenye vijitabu vyao vya mfukoni, na walipohama walihama na ufundi. Ray Buhen, aliyekuwa miongoni mwa wafanyakazi wa mwanzo kwa Donn, alifungua Tiki-Ti huko Los Angeles mwaka 1961, kibaa chenye viti kama dazeni moja kwenye kaunta, na familia yake ingali inakiendesha. Mariano Licudine alitoka tawi la Don the Beachcomber la Chicago akaenda Fort Lauderdale, Florida, kusimamia vinywaji vya mgahawa wa tiki wa Mai-Kai kuanzia ulipofunguliwa mwaka 1956. Ukinywa kitu kizuri Mai-Kai, mkono wake umo.

Basi sukari na rangi zilitoka wapi? Zilitoka kwenye kushuka. Siri zilikuwa zimefichwa mno, kwa hiyo walioiga waliiga kwa kubahatisha. Kisha ukaja unga wa ndimu wa pakiti, juisi za kopo na shira za kiwandani. Mashine ikachukua nafasi ya mkono. Aliyeonja Zombie mwaka 1975 kwenye hoteli ya uwanja wa ndege alionja kitu kingine kabisa chenye jina lilelile, na hukumu yake juu ya hicho alichoonja ilikuwa ya haki.

Ufufuo ulianzia kwenye vile vijitabu. Jeff Berry, mtu aliyekuwa akiandika filamu, alitumia miaka mingi akiwatafuta wachanganyaji wazee na familia zao. Kijitabu cha mwaka 1937 cha Dick Santiago, aliyewahi kumfanyia kazi Donn, kilikuwa na Zombie ndani yake, lakini kiungo kimoja kiliandikwa kwa jina la fumbo tu. Berry aliendelea kuuliza mpaka mkongwe mwingine wa kazi hiyo akamfungulia: balungi na shira ya mdalasini. Mwaka 2007 akaichapisha Zombie ya 1934, na ghafla wachanganyaji vijana wakaweza kuonja kile kilichosifiwa. Kazi yote hiyo ilitegemea wazee ambao hawakuwa wamewahi kuulizwa na mtu, na baadhi ya wenzao walikuwa wameshafariki kabla ya kuulizwa.

Dhana: Ilikufa kwa sababu watu waliichoka tu

Kuchoka kulikuwepo. Vijana wa mwishoni mwa miaka ya 1960 hawakutaka kunywa mahali baba zao walikonywa wakiwa na tai. Vita vya Vietnam viliifanya picha ya kibanda cha makuti chini ya minazi iwe nzito machoni mwa Mmarekani kwa namna ambayo haikuwa hivyo kabla. Na ndege za jeti, ambazo zilikuza ndoto ya Hawaii, ziliishia kuiumiza: mtu akishafika Waikiki mwenyewe, kuta za mianzi huko nyumbani hazimshangazi tena.

Sababu ambazo hazitajwi sana ni za ardhi na mikataba. Trader Vic's ilienea kwa kupanga ndani ya hoteli za Hilton, na Stephen Crane, mpinzani wake, alijenga yake kwa kushirikiana na Sheraton. Mpangaji wa aina hiyo haishi kwa wateja wake peke yao. Akija mwenye hoteli mpya mwenye ladha nyingine, mgahawa unaondoka hata ukiwa umejaa. Waliojenga peke yao walijenga kando ya barabara kubwa, kwenye viwanja vipana ambavyo miaka thelathini baadaye vilikuwa na thamani kubwa kuliko biashara iliyokuwa juu yake. Na waanzilishi walizeeka. Bergeron alifariki mwaka 1984, Donn mwaka 1989.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu linabadilisha swali. Kama ladha ingekuwa sababu pekee, tungesubiri ladha izunguke, jinsi mitindo ya nguo inavyozunguka. Bei ya kiwanja katikati ya mji haizunguki.

Dhana: Ilitoweka kabisa, kwa hiyo kinachoonekana sasa ni uigaji

Haikuwahi kukatika. Tiki-Ti haikufunga kaunta yake katika miaka ile ya ukame. Mai-Kai iliendelea na maonyesho yake ya ngoma. Bali Hai ya San Diego ipo, Tonga Room ipo, na Trader Vic's ya Emeryville, jirani na Oakland ilikoanzia, ipo tangu 1972. Trader Vic's ya Munich imedumu tangu 1971, na jina hilo limejipatia nafasi katika miji ya Ghuba ya Uajemi. Hata pale uzi ulipokuwa mwembamba, ulikuwa uzi uleule.

Dhana: Ni kumbukumbu za wazee

Waliouamsha utamaduni huu walikuwa, wengi wao, watoto wakati unakufa au hawajazaliwa. Walianza kama wakusanyaji wa vikombe vya mnadani na menyu zilizotupwa. Sven Kirsten, Mjerumani anayeishi Los Angeles, alichapisha mwaka 2000 kitabu kikubwa cha picha kuhusu sanaa ya tiki, na watu waliodhani wako peke yao wakagundua wako wengi. Mikutano ya kila mwaka ikafuata California na Florida. Baadaye likaja wimbi la jumla la kurudi kwenye kokteli za ufundi, ndimu ya kukamuliwa papo hapo na ramu bora, na tiki ikakuta mlango umeshafunguliwa.

Martin Cate alifungua Smuggler's Cove huko San Francisco mwaka 2009, ikiwa na mamia ya aina za ramu. Chicago ikapata Three Dots and a Dash mwaka 2013, baa ya chini ya ardhi iliyochukua jina la kinywaji cha Donn Beach cha wakati wa vita. Jeff Berry mwenyewe alifungua Latitude 29 mjini New Orleans mwaka 2014. Hata Disney, ambayo ilikuwa na chumba chake cha ndege wanaoimba cha tiki tangu 1963, ilifungua baa ya Trader Sam's kwenye hoteli yake ya California mwaka 2011 na nyingine Florida mwaka 2015. Kampuni kubwa kama hiyo haiwekezi mara mbili kwa ajili ya hisia za wastaafu.

Dhana: Ikirudi, itarudi kama ilivyokuwa

Hapa nawakatisha tamaa wapenzi wenzangu, na sifurahii kufanya hivyo. Kilichorudi ni baa. Mgahawa mkubwa wa tiki, ule wa meza mia na kitu, bustani ya ndani, maporomoko ya maji, jiko la Kichina la tanuri za kuni na wacheza ngoma wa kulipwa kila usiku, haujarudi, na hesabu zake ni ngumu.

Fikiria gharama. Kinywaji chenye viungo tisa kinachukua muda kukitengeneza, na shira zake lazima zipikwe kila siku. Baa ndogo inaweza kuubeba mzigo huo kwa sababu mteja amekuja kwa ajili ya kinywaji na yuko tayari kulipia ufundi. Ukiongeza jiko kubwa, wahudumu wengi, umeme wa pampu za maji na kodi ya eneo pana, faida ya ramu inamezwa na mahitaji ya jengo. Migahawa ya zamani ilijengwa wakati ardhi ya pembezoni ilikuwa rahisi na mishahara ya jikoni ilikuwa midogo mno, mara nyingi kwa wahamiaji waliokuwa na milango michache ya kazi. Sehemu ya ule uzuri ililipiwa na watu hao. Sitaki sehemu hiyo irudi.

Tatizo jingine ni mikono. Kwa miongo mingi karibu kila mjenzi wa baa ya tiki alinunua masanamu, mikeka na taa zake Oceanic Arts, karakana ya LeRoy Schmaltz na Bob Van Oosting huko Whittier, California, iliyoanza mwaka 1956. Ilifungwa mwaka 2021. Wachongaji wapya wapo, na baadhi yao ni hodari, lakini kuivisha nyumba nzima kwa mbao za kuchongwa kwa mkono ni kazi ya miezi na fedha nyingi. Anayefungua baa ya chumba kimoja anaimudu. Anayetaka ukumbi wa watu mia nne atajikuta anaagiza plastiki, na plastiki ndiyo iliyoishusha tiki mara ya kwanza.

Hata baa ndogo hazina kinga. Lost Lake ya Chicago, iliyofunguliwa mwaka 2015 na kusifiwa nchi nzima, ilifungwa mwaka 2022. Trader Vic's ya London, iliyokuwa chini ya hoteli ya Hilton ya Park Lane tangu 1963, ilifungwa mwishoni mwa mwaka huohuo. Sifa hazilipi kodi.

Dhana: Malalamiko ya watu wa Pasifiki ni kelele za wakati huu tu

Wapenzi wengi wa tiki hukasirika mada hii inapoguswa. Hujitetea kwamba tiki ni ndoto ya Kimarekani, haijawahi kudai kuwa ya kweli, kwa hiyo haimdhuru mtu. Nusu ya kwanza ya utetezi huo ni sahihi, nami nimeisema hapo juu. Nusu ya pili haisimami.

Chukua kikombe kinachouzwa sana kuliko vingi, kile chenye umbo la moai, masanamu ya mawe ya Rapa Nui (Kisiwa cha Pasaka). Mwaka 1862 meli za watekaji kutoka Peru zilianza kuwachukua watu wa kisiwa hicho kwa mamia kwenda kufanyishwa kazi. Wachache waliorudishwa walirudi na ndui. Kufikia mwaka 1877 wakazi wa Rapa Nui waliobaki walikuwa 111. Masanamu hayo ni nyuso za mababu wa hao 111. Hawaii nako, mfumo wa kale wa miiko ya dini, ulioitwa kapu, ulipovunjwa mwaka 1819, masanamu mengi ya mahekaluni yaliteketezwa, na yaliyosalimika ni machache. Ufalme wa Hawaii ukapinduliwa mwaka 1893, kwa ushiriki wa wafanyabiashara wa Kimarekani na wanajeshi wa meli yao, na visiwa vikachukuliwa na Marekani mwaka 1898. Na katika miaka ileile tiki ilipokuwa kileleni, kati ya 1946 na 1958, Marekani ililipua mabomu 67 ya nyuklia katika Visiwa vya Marshall. Pasifiki ya baa ilikuwa paradiso isiyo na watu, na Pasifiki yenye watu ilikuwa inahamishwa ili ipishe majaribio.

Kwa hiyo mtu wa Visiwa vya Pasifiki anayefanya kazi kwenye kaunta hizohizo akisema hataki kuona mungu wa babu zake amegeuzwa bakuli la ramu, anasema jambo lenye historia ndefu kuliko baa yenyewe. Wengi wamelisema hadharani, hasa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2010, na limesikika. Baa kadhaa mpya zimeacha masanamu na kujiita baa za kitropiki. Nyingine zimehamia kwenye mada ya bahari na mabaharia, mada ambayo Donn mwenyewe aliitumia tangu siku ya kwanza. Smuggler's Cove, kwa mfano, inasimulia historia ya ramu na wasafirishaji wake wa magendo.

Nimesoma hoja kwamba ukiondoa masanamu hakuna kinachobaki. Siikubali. Kibaa cha kwanza cha Donn kilipambwa zaidi kwa nyavu, maboya na mabaki ya merikebu. Masanamu makubwa yaliteka nafasi miaka mingi baadaye. Ramu tatu katika glasi moja, shira ya mdalasini, giza la mchana na mlango unaokutenga na barabara, vyote hivyo havimdai babu wa mtu. Na anayependa kuchonga kwa mtindo wa Pasifiki anaweza kumlipa mchongaji wa Pasifiki amwambie kipi kinachongwa na kipi hakiguswi.

Nadai pia majina. Menyu inayoandika "Donn Beach, 1934" chini ya kila kinywaji ingeweza kuandika Buhen, Licudine na Santiago. Ni wino kidogo sana.

Dhana: Jengo likisajiliwa kuwa la kihistoria, limeokoka

Kahiki ya Columbus, Ohio, ilijengwa mwaka 1961 kwa umbo la nyumba kubwa ya mikutano, paa lake likichongoka angani na masanamu mawili yenye moto vichwani yakilinda mlango. Ndani kulikuwa na kijiji kizima. Mwaka 1997 iliingizwa kwenye Rejista ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria. Mwaka 2000 ilivunjwa, na duka la dawa likajengwa mahali pake. Usajili ule ni heshima. Haumzuii mwenye mali binafsi kuuza wala kubomoa. Jina la Kahiki lilibaki likiuza vyakula vya kugandishwa madukani.

Tonga Room ilinusurika kwa njia nyingine. Wamiliki wa Fairmont walipopanga mwaka 2009 kuifunga ili wajenge nyumba za kuuza, wakazi wa San Francisco walikwenda kwenye vikao vya mipango miji na kuitetea, na mpango huo haukutekelezwa.

Na Mai-Kai, ambayo iliingizwa kwenye rejista hiyohiyo mwaka 2014, ilikaribia kufa kwa mvua: Oktoba 2020 paa la sehemu ya jikoni liliporomoka, mgahawa ukafungwa. Familia ya waanzilishi ikaiuza mwaka uliofuata kwa watu waliokubali kuirudisha jinsi ilivyokuwa, wakatumia mamilioni ya dola na miaka mitatu ya ujenzi. Novemba 2024 ilifunguliwa tena, ikiwa na ukumbi, bustani na ngoma zake. Ni mgahawa mmoja, na uliwezekana kwa sababu kiwanja, jengo na vinywaji vya Licudine vilikuwa bado pamoja.